Kengele, Shemeji na Picha ya Jela

Jumatatu, 8 Septemba

Mataifa yote na yasikie, wafalme na wavue taji zao: gari kuukuu la zimamoto la kaunti yetu limepakwa rangi upya. Nyekundu. Ilikuwa nyekundu hata kabla. Kengele yake imesuguliwa mpaka mtu anaweza kunyoa ndevu kwa kujitazama humo. Habari ndiyo hiyo. Dunia inaruhusiwa kuendelea na shughuli zake.

Lakini mwenye akili anajua si habari ndogo. Jumamosi ni gwaride la maonyesho ya kilimo. Gari hilo hutangulia mbele ya kila kitu, mbele ya bendi, mbele ya ng'ombe, na juu yake husimama mtu mmoja akivuta kamba ya kengele na kuwapungia watu mkono kana kwamba mahindi yote ya bonde hili ameyaumba yeye. Mpiga Kengele! Marehemu baba alikuwa Mpiga Kengele hadi magoti yalipomkatalia. Tangu hapo kamba imepita mikono ya kila namna, hata ya daktari wa meno. Ya ukoo wetu wa Tackett, hapana.

Mama ana miaka themanini na minne. Yuko makao ya wazee, barabarani kabisa, na kila mwaka hutolewa kibarazani na blanketi lake atazame gwaride. Jana baada ya kanisa kaniambia kwamba kabla hajaitwa angependa kumwona tena mtu wa nyumbani kwake juu ya gari lile. Nikamwambia Mama, basi umeshamwona, ni huyu hapa. Akanikagua juu mpaka chini. Akasema bado, Delmer, macho ninayo.

Nimejitosa! Uchaguzi ni Alhamisi jioni, duka la chakula cha mifugo la Harless, kwa kuinua mikono. Harless ndiye mwenyekiti wa kamati. Wagombea wawili tu. Mimi. Na Garland Hobbs, fundi matairi, mume wa dada yangu Verna. Shemeji yangu wa damu na jasho. Mtu anayecheka kabla hujamaliza kichekesho chako, na anayewazibia watu pancha bure wakiwa na haraka.

Nilimkumbusha Mama kuwa Garland ni mkwe, si mtu wa nyumbani. Akasema kiti chake cha magurudumu kikipata pancha hanioni mimi, anamwona mkwe.

Vita imetangazwa.


Jumanne, 9 Septemba

Kahawa ya asubuhi dukani kwa Harless. Kama kawaida watu wote vichwa kwenye simu, wanasoma orodha ya waliokamatwa. Ofisi ya Sherifu huiweka mtandaoni kila kukicha: jina, kosa, picha. Katika kaunti hii mtu huanza kusoma hiyo, ndipo afungue Biblia. Leo walikuwa wawili. Mmoja kaendesha trekta amelewa. Mwingine kamzomea hakimu. Wazee wakawa wanatoa maksi za sura.

Harless akasema hawa wa siku hizi hawajui kukaa mbele ya kamera. Picha ya jela, akasema, ilikuwa ile ya Garland! Duka zima likaangua kicheko. Garland akainamia kikombe chake, masikio mekundu kama gari la zimamoto, akasema jamani ee, yamepita hayo.

Yamepita hayo!

Sikucheka. Nilikaa kimya kama paka aliyeona mlango wa jokofu haukufungwa vizuri. Shemeji yangu ana picha ya jela. Na Verna, dada yangu, tumenyonya ziwa moja, kanificha! Sasa naelewa. Kila mwaka wiki ya kwanza ya Juni mimi huenda ziwani kuvua, kaunti ya tatu kutoka hapa, kwa sababu za kiafya. Na kila mwaka nikirudi nakuta watu wananong'onezana na kuchekelea. Kumbe ni aibu ya familia yangu!

Mpango. Tafuta picha. Toa. Bandika kwenye ubao wa matangazo wa Harless, kati ya "Mbuzi wanauzwa" na "Paka kapotea, ana hasira". Sitasema neno. Picha itasema. Nani atamkabidhi mhalifu kengele?

Adhuhuri maktaba, kwenye kompyuta. Pigo la kwanza: orodha ya mtandaoni hairudi nyuma zaidi ya mwezi mmoja. Nikaandika "Hobbs". Akatokea mwanamke aliyevunja dirisha la shangazi yake kwa boga. Si Garland, ingawa kidevu kinafanana. Nikachimba zaidi. Nikakuta tovuti inayojigamba kuwa na makosa yote ya watu wote, nitoe tu namba ya kadi ya benki. Nikatoa. Ikaniletea Garland Hobbs wa jimbo jingine, aliyefariki mwaka 1911, mcha Mungu, hana kosa.

Mkutubi akaniuliza natafuta nini kwa nguvu hivyo. Nikasema nasaba.


Jumatano, 10 Septemba

Ofisi ya Sherifu, mapema. Mtunza kumbukumbu ni Nadine Spurlock, tulisoma darasa moja, alichukua kifutio changu akasema atarudisha. Namngojea. Nadine akasema kumbukumbu za kukamatwa ni mali ya umma, mtu yeyote anaweza kuomba kuziona, hata wewe Delmer. Ila za zamani hazimo mtandaoni, ziko kwenye makabati ya bati kule nyuma, na ili azipate anataka jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwani kaunti hii ukirusha jiwe limempata Hobbs. Akauliza shemeji yako kafanya nini tena, maskini. Nikasema siruhusiwi kuzungumzia uchunguzi unaoendelea. Akasema haya, bwana mpelelezi, zipu ya suruali.

Tarehe ya kuzaliwa! Garland amekuwa shemeji yangu tangu enzi za kaseti na sijui alizaliwa lini. Ningemuuliza Verna, lakini Verna hunisoma kama kibao cha barabarani. Kwa hiyo: keki. Nikanunua keki, nikaingia nayo gereji kwa Garland, nikaimba wimbo wa siku ya kuzaliwa. Wote. Peke yangu. Mbele ya wateja watatu na mbwa.

Garland akashusha spana. Akafuta mikono. Macho yakamlowa, wallahi. Akasema shemeji, mimi wa Februari tarehe kumi na tisa, lakini keki haijui kalenda. Akaikata palepale kwa kisu cha kukatia mpira, akamgawia kila mtu, mbwa naye. Nikauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa tu, na mwaka je? Akasema ule wa theluji kubwa, 1968, mkunga alikuja kwa trekta. Kisha akanionyesha tena yule kambare wake aliyekaushwa ukutani, mkubwa kama ndama, akanieleza upya alivyomvuta saa nzima. Nimesikia kisa hicho kila Krismasi. Kila Krismasi kambare anaongezeka.

Akanikumbatia. Grisi shati zima. Akanijazia upepo magurudumu yote manne, hataki asante. Nilipotoka nilijisikia mtu mbaya mpaka kwenye taa za barabarani. Zikawa kijani, nikaendelea.

Alasiri kwa Nadine tena. Akaingia nyuma. Kabati likalia. Akatoka na picha.

Ee Mola! Picha gani hiyo! Garland amesimama mbele ya ukuta wa mistari ya kupimia urefu, kakamata kibao cha namba kifuani, kanuna kama fahali aliyenyeshewa. Ni yeye kabisa. Nadine akaanza: Delmer, subiri kwanza, igeuze usome nyuma, acha nikueleze. Nikasema asante dada, macho yangu yameona ya kutosha. Miwani ilikuwa garini. Nilitoka mbio kabla hajabadili nia. Nikamsikia anaita dirishani kuwa nimesahau kofia. Kofia itangoja! Historia haingoji!

Kwa Harless nilifika anakaribia kufunga. Nikasubiri ageukie magunia. Nikaipaka picha gundi mgongoni, pembe zote, mpaka katikati, anayetaka kuing'oa aondoke na ubao. Nimebandika. Kesho jua litachomoza juu ya kaunti mpya.


Alhamisi, 11 Septemba (mchana)

Niliwahi ili niione aibu ikiingia mlangoni.

Harless alikuwa amesimama mbele ya ubao, mikono kiunoni. Akawaita watu. Wakasogea. Nikaanza kutikisa kichwa kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi kwenye kioo.

Ndipo Harless akajipiga paja. "Jamani! Hiyo hapo! Hiyo ndiyo niliyokuwa naisema!" Wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndoo ya misumari. Kila mtu anauliza nani mwenye moyo mzuri kaileta. Ulikuwa mwaka ule, akaeleza Harless huku anafuta machozi, Garland alipokamatwa kwa kosa la kupika maharage hatari kwa usalama wa umma.

Wacha nieleze, ingawa kalamu inagoma. Wiki ya kwanza ya Juni kikosi cha zimamoto cha kujitolea huchangisha cha kununulia mipira ya maji. Unatoa mchango mdogo, unamtaja jirani yako na kosa la kubuni. Naibu wa Sherifu anamfuata kazini kwake, anamtia pingu mbele ya wateja, anampeleka jela ya kweli, anapigwa picha kwa kamera ileile ya wahalifu, anakaa rumande anakunywa maji ya limau mpaka rafiki zake wamchangie dhamana. Picha Nadine huziweka kwenye makabati ya wahalifu kwa sababu, asemavyo, kabati jingine hajapewa. Mimi wiki hiyo naijua. Ndiyo maana naenda kuvua. Nikisikia neno dhamana kifua kinanibana, na hizo ndizo sababu za kiafya. Mchezo niliujua. Kwamba kuna picha, sikujua!

Kahawa haijapoa, watu wamekwenda nyumbani kuleta za kwao. Mchungaji: kuhubiri mpaka kuku akakauka jikoni. Hakimu: kuimba bila kibali. Harless: kuuza mbegu zilizostaafu. Verna alipigiwa simu, akaja na yake: kuolewa na Garland kwa makusudi. Na katikati ya ubao, kwenye kiti cha magurudumu, kibao kifuani, jicho kali kama la simba aliyeamshwa, Mama! Mama yangu mzazi! Kosa: wizi wa karata. Mama ana faili jela na mimi mwanawe sijui!

Ubao ukajaa. Wakahamia ukutani. Uso wa kila mtu wa kaunti hii, kanuna, kashika kibao. Garland alipoingia akapigiwa makofi. Akauliza nani kafanya jambo zuri hivi. Mimi nikawa nasoma gunia la chumvi ya ng'ombe.

Ndipo Verna akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akauliza kwa ile sauti ambayo Mungu amewapa madada tu: "Na ya kwako iko wapi, kaka?"

Mchungaji akaangalia viatu vyake. Harless akasema labda imepotea.

Nilikimbia kwa Nadine. Tackett, Delmer, na tarehe ya kuzaliwa hii hapa, yangu naijua. Akatafuta. Akafungua kabati la kwanza, la pili, akafungua na lile la vyombo vya chai, nikaona anafungua kwa huruma tu. Hakuna. Nikamwambia tazama vizuri, dada. Akasema Delmer, mtu hawezi kukamatwa yuko ziwani. Akanirudishia kofia.

Nieleweke. Hapa kwetu kukamatwa ni heshima. Mtu hakamatwi ila pana aliyemkumbuka. Mimi ndiye raia mwema pekee wa kaunti hii, na sijawahi kuona fedheha kama hii. Na kura ni leo jioni!

Mpango mpya: nikamatwe. Kweli kweli. Kabla ya kura.


Alhamisi, jioni

Kuegesha gari kwenye bomba la zimamoto. Naibu Coy Maddox akaja, mkanda unaning'inia, pingu zinameta. Nikamnyooshea mikono yote miwili. Akasema pole Mzee Tackett, limekuzimikia tena? Akalisukuma. Peke yake. Mlima. Akatoka jasho, akaniambia salimia nyumbani.

Kuiba boga, shambani kwa mchungaji, jua la utosi. Mke wa mchungaji akatokea kibarazani akapiga ukelele. Nikasema moyoni, ndiyo hii! Kumbe ananiambia hilo limeoza chini, Delmer, chukua lile la kando, na lile pia. Nimerudi nyumbani na maboga mawili na chupa ya achari.

Kumzomea hakimu, maana yule wa Jumanne alikamatwa kwa hilo. Nikaingia mahakamani, nikazomea kwa pumzi yote. Hakimu sikio la kushoto halisikii. Akadhani namsalimia. Akanipungia mkono, akaulizia afya ya Mama.

Kura. Garland kapata mikono yote. Yote! Hata wa kwangu ulipanda, kwa kuwa Verna alikuwa kaushikilia kwenye kiwiko.

Garland alikuja akanishika bega. Akasema shemeji, ulikuwa mpinzani mzuri. Nikasema nilikuwa sijaanza.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimekwenda kumwambia Mama kuwa sitapiga kengele. Nilijipanga njia nzima. Nilimkuta anacheza karata na bibi mmoja anayeitwa Hesper, na nikiwa nimesimama nyuma yake nimeona dume la kopa kwenye mkono wa sweta. Kwa mara ya kwanza nimemtazama kama mhalifu.

Akasema anajua. Makao ya wazee hupata habari kabla ya malaika. Akasema Garland atapendeza.

Nikamuuliza, Mama, kaunti nzima ina picha. Hata wewe. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukumbuka kunikamatisha? Nilitaka iwe ya utani. Haikutoka ya utani.

Mama akalaza karata zake kifudifudi. Akasema Delmer mwanangu, wewe una kichwa kama cha baba yako, kizuri kuvalia kofia. Kisha akasema kesho nivae shati safi nisimame kando ya barabara kama watu wengine.

Sisimami popote. Nimeshafunga mashua nyuma ya gari. Kesho alfajiri, ziwani. Watu wenyewe wakipiga kengele zao na wapige, mimi nitakuwa na samaki, ambao hawana vibao vifuani.


Jumamosi, 13 Septemba

Nimepanda gari la zimamoto! Juu kabisa! Nimevuta kamba ya kengele kwa mikono miwili! Umati! Shangwe! Watoto kwenye mabega! Mama kaniona! Picha yangu iko mtandaoni, ya kwanza kwenye orodha! Ushindi mtupu, kama nilivyoupanga tangu mwanzo. Mikono inauma, hasa vifundoni. Nalala.


Jumapili, 14 Septemba

Sasa ukweli, maana nimegundua kuwa Verna husoma shajara hii. Ameandika "Mwongo" kwa penseli pembeni mwa ukurasa wa jana.

Hayakuwa kama nilivyoandika. Yalikuwa hivi.

Nilichelewa kuamka. Nilipotoka na mashua barabara kuu ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nikapita njia ya nyuma ya shule, mtu mjanja. Sikukumbuka kuwa nyuma ya shule ndipo gwaride linapojipanga. Nikakunja kona nikajikuta katikati, mbele yangu bendi, nyuma yangu ng'ombe wa mashindano na riboni zao, na ukiwa na mashua nyuma ya gari hugeuki. Tukaondoka wote. Watu wakanipigia makofi, wakadhani nawakilisha uvuvi. Nikapunga mkono. Ningefanyaje?

Tulipofika makao ya wazee gari la zimamoto likasimama. Garland kule juu akaachia kamba, akanyoosha kidole kuvuka vichwa vya bendi yote. "Yule pale! Yule pale mtoro!"

Naibu Coy akaja na pingu na rundo la karatasi. Akanitoa garini. Akaanza kusoma kwa sauti, barabara nzima inasikia, hati za kukamatwa kwa Delmer Tackett, moja kwa kila Juni, na kila Juni mtuhumiwa alikuwa ameshavuka mpaka wa kaunti. Walishitaki wote! Mchungaji: kusinzia kanisani kwa kukoroma. Harless: kunywa kahawa ya bure bila kununua hata msumari. Verna: kujifanya anajua. Garland, kila mwaka, kila mwaka bila kukosa: kuvua wiki nzima na kurudi na samaki wa dukani. Na Mama. Za Mama, Coy alizisoma mwisho. Neno moja tu, kila mwaka lilelile. "Kukimbia."

Nadine alikuwa kando ya barabara na kiti chake cha kukunja. Nikamwambia dada, mbona ulisema sina chochote? Akasema uliniomba waliokamatwa, Delmer. Wanaotafutwa wako droo nyingine. Mimi natafuta nilichoombwa.

Wakanipandisha juu, pingu mkononi. Mara Mama akapiga fimbo yake kwenye sakafu ya kibaraza, anapaza sauti, "Mbane vizuri, Coy, huyo huteleza!" Garland akanishika mgongoni nisianguke. Gari likaanza kusogea. Akaitazama kamba. Akanitazama. Akasema, "Hebu nishikie shemeji, bega langu limechoka." Bega lake halikuwa limechoka. Bega lile huinua matairi ya trekta.

Nikavuta. Kwa mikono miwili, sikuwa na namna nyingine. Kengele ya baba. Nilikuwa nimeisahau sauti yake, inaanza kwenye sikio inaishia tumboni.

Hesper, yule wa karata, akamuuliza Mama yule mtu ni nani. Mama hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo hujibu kwa sauti ya kusikika kaunti ya pili. Akasema, "Yule mwenye pingu? Yule ni wa nyumbani kwangu."

Basi. Hicho ndicho kilichotokea. Sikukipanga. Macho yalinilowa kwa sababu ya vumbi la ng'ombe, na Verna asiandike kitu hapa pembeni.

Jela nilipigwa picha. Nilikuwa nimejiandaa kununa kiume. Kamera ikapiga nikiwa napiga chafya. Ndiyo iliyo mtandaoni: macho yamefumbwa, mdomo umepinda, kibao kimeinama, kosa "Kukimbia". Leo asubuhi kwa Harless wameibandika katikati, kando ya ya Mama, na wazee wametoa maksi. Wamenipa ya mwisho. Ya kwanza ni ile ya Garland. Wanasema ana sura ya mtu aliyetubu.

Sura ya mtu aliyetubu!

Sasa, nilipokuwa rumande nangoja dhamana (Garland ndiye aliyekuwa nayo, alipitia kwanza kula maharage), nilimsikia Nadine akimweleza mtu kwenye simu kuwa hata leseni za uvuvi ni kumbukumbu za umma. Mtu yeyote anaweza kuomba. Nimelala nalo usiku kucha. Yule kambare ukutani. Saa nzima ya kumvuta. Je, kuna aliyewahi kumuuliza Garland leseni? Nakala moja ya karatasi tupu kwenye ubao wa Harless, na tuone nani ana sura ya kutubu.

Kesho asubuhi na mapema kwa Nadine. Nina kila kitu: jina kamili, kofia, miwani. Kizuizi ni kimoja tu. Najua ni mwaka wa theluji. Najua ni mkunga wa trekta. Lakini tarehe yenyewe nimeshaisahau, na sikuiandika popote isipokuwa kwenye ukurasa wa Jumatano, ambao Verna ameuchana akaondoka nao.

Nitapitia kununua keki.